Kikohozi cha Mwenzako, ni Chako Pia?



Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya fedha, watoto, wakwe na ugomvi wa mume na mke. Leo tutazame jambo ambalo wanandoa wengi hawalihesabu kuwa jambo la ndoa, nalo ni hewa wanayovuta pamoja ndani ya nyumba yao. Nasema hasa na nyumba ambamo mmoja wenu, au nyote wawili, mnaishi na virusi vya ukimwi na mnatumia dawa. Lakini ninyi wengine msigeuze ukurasa. Mtaona baadaye kwamba nanyi mmo.

Swali lenyewe ni hili. Mtu anayeishi na virusi hivyo ana mapafu yanayohitaji kulindwa kuliko ya mtu mwingine. Je, kuyalinda ni kazi yake peke yake, au mwenzake wa ndoa naye anadaiwa? Na kama anadaiwa, je, anachotoa ni huruma tu, ambayo anaweza kuitoa akipenda na kuinyima akichoka, au ni haki ya mwenzake?

Dawa zimefanya kazi kubwa

Kwanza tushukuru kwa yaliyopatikana. Wenye umri wa kukumbuka miaka ya tisini wanajua jinsi tulivyozika vijana wiki baada ya wiki. Leo mambo si hayo. Mwaka 2011, utafiti uliofanywa katika nchi tisa, Kenya ikiwa mojawapo, ulitoa habari njema. Uliwafuata mume na mke, au wenzi, jozi 1,763, ambao mmoja alikuwa na virusi na mwingine hana. Ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenzake kwa asilimia 96. Tangu mwaka 2016 Kenya inampa dawa kila anayepatikana na virusi, bila kungoja kwanza kinga yake ishuke. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi kwamba mtu anayemeza dawa vizuri, hata virusi vikawa havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya tendo la ndoa.

Basi katika nyumba nyingi jambo hili limekuwa la kawaida. Dawa ziko kabatini, siku ya kliniki inajulikana, na kipimo cha damu kikirudi bila virusi kuonekana, mume na mke husema, "Tumeshinda." Wana haki ya kufurahi. Hatari ni kwamba furaha hiyo huweza kufunga macho. Wanadhani kwamba damu ikiwa salama, mwili wote uko salama.

Mapafu yana mambo yake

Fikiria mapafu kama nyumba yenye vyumba vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni. Kila unapovuta pumzi, hewa huingia hadi ndani ya vyumba hivyo ikiwa na vumbi, moshi na vijidudu. Ndani humo kuna walinzi. Wako wale wanaomeza uchafu na vijidudu, na ziko chembechembe za CD4 zinazowaita wenzao na kuwaagiza. Virusi vya ukimwi huzishambulia CD4, na pia huweza kujificha ndani ya walinzi wale wanaomeza uchafu. Dawa huvizuia virusi visizaliane, na hesabu ya CD4 katika damu hupanda. Lakini damu inayopimwa kliniki hutoka mkononi, haitoki mapafuni.

Mwaka 2014 watafiti waliofanya kazi Blantyre, Malawi, walieleza habari za watu waliokuwa wakitumia dawa na wasiokuwa na dalili za ugonjwa wowote. Walikuta kwamba CD4 za mapafuni mwao bado hazikuitika ipasavyo dhidi ya vijidudu vya jamii ya kifua kikuu. Ni kama kusema askari wa langoni wamerudi kazini, lakini wale wa vyumba vya ndani bado wanasinzia.

Ndiyo maana kifua kikuu, yaani TB, bado ni adui mkubwa. Inakadiriwa kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne ulimwenguni ana vijidudu vya TB vilivyolala mwilini mwake. Kwa mtu mwenye kinga nzuri vinaweza kulala hivyo maisha yake yote. Kwa mwenye virusi vya ukimwi, hatari ya kuugua TB imekadiriwa kuwa zaidi ya mara kumi kuliko ya mtu asiye navyo. Dawa za ukimwi huipunguza hatari hiyo sana. Tafiti kadhaa zilizojumlishwa pamoja mwaka 2012 zilionyesha kwamba hupungua kwa asilimia 65 hivi. Hizo ni nyingi, lakini hazijafika 100.

Tena TB si peke yake. Nimonia huwapata watu hawa mara nyingi zaidi kuliko wengine, na vivyo hivyo magonjwa ya kudumu ya kubanwa kifua na kuishiwa pumzi. Hata mtu aliyepona TB kabisa anaweza kubaki na makovu mapafuni, akawa anahema akipanda kilima kidogo tu cha kwenda shambani.

Hewa haigawanywi

Sasa turudi kwenye swali letu. Kidonge humezwa na mtu mmoja. Hata mkipendana namna gani, huwezi kumeza kidonge cha mwenzako. Hewa haiko hivyo. Hewa ya chumba chenu cha kulala imetoka kifuani mwake ikaingia kifuani mwako, na usiku kucha mnaazimana. Kitanda mnaweza kukigawa, kila mtu na upande wake. Fedha mnaweza kuzigawa, kila mtu na mfuko wake, ingawa si vizuri. Hewa haigawanywi.

Hapo ndipo naona jibu. Kitu kikiwa changu peke yangu, nikikupa nimekupa zawadi. Kitu kikiwa chetu sote wawili, nikikichafua nimekunyang'anya. Mume anayevuta sigara chumbani hatumii hewa yake mwenyewe, anatumia na ya mkewe. Kwa hiyo siku atakapokwenda kuvutia nje asijione kwamba amefanya hisani. Amerudisha kisichokuwa chake.

Nchini kwetu, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara mahali pa watu wengi. Mgeni usiyemjua hata jina, aliyeketi karibu nawe katika matatu, analindwa na sheria. Sebuleni kwako polisi haingii. Hapo mkeo anailinda pumzi yake kwa dhamiri yako tu. Je, si ajabu kwamba mgeni apate hewa safi kuliko yule uliyemwahidi kukaa naye katika afya na ugonjwa?

Na wewe mwenye virusi unayevuta sigara, sikia habari hii kutoka Denmark, nchi ambako dawa na madaktari wapo wa kutosha. Mwaka 2013 watafiti wa huko walieleza kwamba wagonjwa wao waliovuta sigara walipoteza kiasi cha miaka 12 ya maisha kwa ajili ya sigara, na kiasi cha miaka 5 kwa ajili ya virusi vyenyewe. Yaani kile wanachokiogopa sana kilikuwa kinawanyang'anya kidogo kuliko kile walichokinunua wenyewe dukani. Nawe usiseme kwamba mapafu ni yako na shauri ni lako. Yupo anayekungoja nyumbani.

Visingizio vitatu

Najua baadhi yenu mna majibu tayari. Tuyasikilize moja moja.

La kwanza: "Nilikuwa nikivuta kabla hatujaoana, naye alinijua hivyo." Ni kweli alikujua. Lakini kabla ya kuoa ulikuwa pia ukirudi nyumbani saa yoyote uliyotaka, na mshahara wako ulikuwa wako peke yako. Ndoa ilibadilisha hayo. Desturi ya zamani haiwi haki kwa sababu tu ni ya zamani. Nakubali kwamba kuacha sigara ni vigumu, maana tumbaku humshika mtu kwa nguvu. Basi omba msaada kituo cha afya, wala usione haya. Na wakati unapohangaika kuacha, usivute ndani ya nyumba hata siku moja.

La pili: "Kuni na makaa ndivyo tulivyo navyo." Hili ni neno zito kuliko lile la kwanza, maana si uongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa mapishi majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020 ulimwenguni kote. Hata hivyo jamaa nyingi mashambani hazina cha kupikia isipokuwa kuni, na bei ya gesi tunaijua. Hakuna mtu anayedaiwa asichokuwa nacho. Lakini kila mmoja anadaiwa alicho nacho. Mnaweza kukausha kuni vizuri kabla ya kuziwasha. Mnaweza kupanua dirisha la jikoni au kutoboa mahali pa moshi kutokea juu. Siku isiyo na mvua mnaweza kupikia nje. Na jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala kilichofungwa, maana hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua watu wote waliolala humo usiku mmoja.

Halafu jiulizeni swali moja la haki: ni nani anayesimama katika moshi huo? Ikiwa mke ndiye mwenye kifua dhaifu, na mume ameketi nje akisikiliza redio huku akingoja ugali, basi nyumba hiyo imempa mzigo yule asiyeuweza. Mtasema kwamba jikoni ni mahali pa mwanamke. Ni desturi yetu, naam. Lakini desturi hiyo iliwekwa bila kumuuliza daktari habari za mapafu ya mkeo. Mwanamume akipuliza moto, akakoroga sufuria, hajapungukiwa na uanaume wake hata kidogo.

La tatu hulisemi kwa mdomo: "Sitaki kumtia hofu." Mgonjwa anakohoa, naye anajikaza asisikike, kwa sababu anaogopa mwenzake atadhani ugonjwa umerudi. Mwenzake amesikia, lakini anajifanya amelala, kwa sababu naye anaogopa hilo hilo. Wote wawili wanadhani huo ni upole. Kumbe kila mmoja amemwacha mwenzake peke yake na hofu yake, na TB, kama ipo, inapata nafasi ya kukua.

Jueni neno hili. Mtu asiye na virusi, mahali pengi huambiwa aende kupimwa TB akiwa amekohoa kwa wiki mbili. Mtu mwenye virusi haambiwi angoje wiki mbili. Kikohozi cha siku yoyote, au homa, au kukonda, au kutokwa na jasho jingi usiku, kila moja peke yake linatosha kumpeleka kwa mhudumu wa afya akaulize. Afadhali kwenda mara tatu ukaambiwa ni mafua kuliko kukosa kwenda mara moja.

Yule asiye na virusi naye yumo

Nilisema kwamba wengine nanyi mmo. Katika nyumba nyingi mwenye virusi huhesabiwa kuwa ndiye mgonjwa, na asiye navyo huhesabiwa kuwa mzima. Kila kikohozi cha yule wa kwanza huogopwa, na cha huyu wa pili huitwa vumbi la kazini. Lakini uchunguzi mkubwa wa TB uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wengi wa waliokutwa na TB hawakuwa na virusi vya ukimwi. Tena wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, na wengi wenye dalili hawakuwa wamekwenda kutafuta matibabu.

Tuseme basi mume hana virusi. Anashinda karakana iliyojaa watu, au anasafiri kila siku katika matatu iliyofungwa madirisha. Anaanza kukohoa. Mkewe anamwambia, "Baba watoto, kikohozi hicho kimekaa sana, nenda kapimwe." Yeye anajibu, "Mama watoto, mimi si mgonjwa. Mgonjwa si unajua ni nani?" Jibu hilo ni baya mara mbili. Kwanza linamdhalilisha mke. Pili huenda yeye mwenyewe, mzima wa nyumba, ndiye anayemletea mkewe vijidudu ambavyo mapafu yake hayawezi kupigana navyo vizuri. Kwa hiyo kikohozi cha mzima nacho si chake peke yake. Anayelala na mtu mwenye kifua dhaifu amepoteza ruhusa ya kukipuuza kifua chake mwenyewe.

Kulinda si kutawala

Hapa lazima niweke mpaka, maana wako watakaoyachukua maneno haya wakayafanya fimbo. Nimesema kwamba hewa ni yenu nyote wawili, kwa hiyo juu ya hewa unaweza kudai: usivute sigara humu ndani, fungua dirisha, nenda ukapimwe kikohozi hicho. Lakini mwili wa mwenzako, siri ya kipimo chake na kadi yake ya kliniki ni vyake. Juu ya hivyo unaweza kuomba, kumkumbusha na kumsindikiza. Huna haki ya kumhesabia vidonge kama mkuu wa jela, wala ya kuwaeleza dada zako hali yake kwa kisingizio kwamba unamtunza.

Vilevile msitenge vikombe na sahani. TB huenea kwa hewa, pale mgonjwa anapokohoa, anapozungumza au kuimba. Haienei kwa kijiko wala kwa kupeana mkono. Anayetenga kikombe hajalinda mapafu ya mtu yeyote, ila amemwonyesha mwenzake kwamba anamchukia. Kama ni kutenga, atenge moshi.

Mambo ya kufanya

Kwanza, fungueni madirisha, hasa ya chumba cha kulala. Hewa inayopita huvipunguza vijidudu vya TB vilivyomo chumbani, na haina gharama. Ikiwa mnaogopa baridi, ongezeni blanketi.

Pili, ulizeni kliniki juu ya dawa za kuzuia TB. Huko Côte d'Ivoire, watu 2,056 wenye virusi walifuatwa kwa miaka kadhaa, na mwaka 2017 ilielezwa kwamba waliopewa isoniazidi kwa miezi sita walipungukiwa na hatari ya kufa kwa asilimia 37, hata walipokuwa tayari wanatumia dawa za ukimwi. Siku hizi iko pia namna ya kumeza mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Ni lazima kupimwa kwanza ili ijulikane kwamba TB yenyewe haipo. Anayemeza dawa hizo aache pombe kwa ajili ya ini lake, na macho yakiwa ya manjano arudi upesi.

Tatu, ikiwa TB imepatikana, msikate tamaa. Inatibika, na kwa kawaida matibabu huchukua miezi sita. Mwambieni mhudumu dawa zote mnazotumia, kwa maana baadhi ya dawa za TB hupunguza nguvu ya dawa za ukimwi, na kipimo cha kumeza huenda kikabadilishwa. Watu wengine wa nyumba nao wapimwe.

Nne, ulizeni kama ziko chanjo za nimonia na homa ya mafua kwa mwenye virusi.

Neno la mwisho

Sisi tunaowafundisha wachumba huwaambia mambo mengi kabla ya arusi: kuwa waaminifu, kusameheana, kulea watoto. Ni nadra mtu kuwaambia kwamba watavuta hewa moja kwa miaka arobaini. Pengine ni kwa sababu hewa haionekani, na kisichoonekana hatukihesabu kuwa mali. Lakini siku pumzi ya mmoja itakapokuwa fupi, mtaona kwamba nyumba, shamba na mifugo yote ilikuwa mali ndogo kando yake.

Kwa hiyo, anayefungua dirisha asingoje kushukuriwa. Anayekohoa asione haya kusema. Na anayesikia kikohozi usiku asijifanye amelala.

Maswali ya kuzungumza mume na mke

1. Katika nyumba yetu, ni nani anayevuta moshi mwingi zaidi, na ni kwa sababu gani?

2. Je, kuna kikohozi ambacho mmoja wetu amemficha mwenzake? Alikuwa anaogopa nini?

3. Wiki hii tutabadilisha nini, bila kungoja tupate fedha?